Leonia na Mapumziko ya Mbalamwezi

Mwezi ukijaa, mwalo wa Katonga, pale wavuvi wanaposhushia dagaa, unalala. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hufuata taa, na taa haina kazi usiku ambao mbingu yenyewe imewasha ya kwake. Basi wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu, wakashona nyavu, wakasafisha taa zao, wakaoa, wakagombana na wake zao na wakapatana nao. Ukipiga hesabu vizuri utaona kwamba watoto wengi wa mwalo ule ni watoto wa mbalamwezi. Mwezi ukishapungua, giza hurudi, na kazi huamka nalo. Hivyo ndivyo watu wa pale walivyoyagawa maisha yao, giza na mbalamwezi, na kalenda ya ukutani ni ya kujulia Krismasi na Idi tu.

Leonia Dismasi alizaliwa Ilagala na kuja Katonga akiwa bibi harusi, na tangu hapo hakujua hesabu nyingine. Mume wake, Oswald, alikuwa mvuvi. Alipofariki, Leonia alibaki na mtoto mmoja, Thobias, na chanja za waya za kuanikia dagaa. Alinunua dagaa wabichi kwa beseni mitumbwi ilipoingia alfajiri, akawatandaza, akawageuza, akawachambua, na jioni wakawa wakavu na wanang'aa kama sindano mpya. Wanunuzi wa Mwandiga walimfuata yeye kwanza kabla ya kwenda kwa wengine. Dagaa wake hawakuwa na mchanga, na mtu aliyewahi kutafuna dagaa wenye mchanga anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Ugonjwa ulimwanzia vidoleni. Asubuhi aliamka mikono imekakamaa, hawezi kufunga kanga, hawezi kufungua kifuniko cha chupa, hawezi hata kujikamulia kitambaa cha uso. Jua likishapanda, vidole navyo vililegea kidogo, na yeye akajiambia kwamba yamekwisha. Kesho yake yakarudi. Mifupa ya mwanzo wa vidole, pale ngumi inapojikunja, ikavimba mikono yote miwili, kulia kama kushoto.

Mwalo mzima ulijua sababu. Ni maji ya alfajiri, walisema, ni baridi ya ziwa imemwingia. Ugonjwa wenyewe si unaitwa baridi yabisi? Na kila mmoja alikuwa na dawa yake: tangawizi, majani ya kuchemsha, mchanga wa moto ndani ya soksi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ugonjwa wa mwenzio nao hauna tabibu mwepesi kuliko jirani. Aliyejitahidi kuliko wote ni Mwamini, ambaye chanja zake zilipakana na za Leonia. Huyu alikuwa mtu wa Ujiji, wa ukoo uliofika huko zamani na misafara ya biashara, na hata leo akinuna hukumbusha watu kwamba asili yao ni pwani, ingawa bahari hajawahi kuiona. Kila jioni alipasha mawese, akamkanda Leonia vidole, akamsemesha, akamchekesha. Maumivu hayakuisha, lakini jioni zilipita.

Mwishowe Leonia alikwenda hospitali mjini. Akaangukia kwa daktari kijana aitwaye Catherine, mzaliwa wa Njombe, ambaye hakuwa na mwaka tangu ahamishiwe Kigoma na bado alikuwa akishangaa joto. Daktari aliweka mgongo wa kiganja chake juu ya vidole vya Leonia kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mama, watu wanaita baridi," alisema, "lakini hapa panawaka moto."

Walimpima damu, wakampiga picha za mikono. Daktari akamweleza kwamba ni baridi yabisi kweli, ile ambayo mwili wenyewe unajigeuka na kushambulia viungo vyake, na kwamba ziwa halina kosa. Alieleza mengi siku ile, na kwa haraka, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni. Leonia alirudi nyumbani na mawili tu kichwani. La kwanza, dawa zake zilikuwa za namna mbili: vidonge vya njano vya kunywa mara moja kwa wiki, kila Jumapili, na vidogo vyeupe vya kila asubuhi. La pili, dawa ile ni kali, inaweza kuchosha ini, na ndiyo maana kila akihudhuria kliniki lazima atolewe damu.

Akanywa. Na dawa ikafanya kazi. Taratibu, kwa kujivuta, lakini ikafanya. Asubuhi moja alijikuta amefunga vifungo vyote vya blauzi yake mwenyewe, akasimama pale mbele ya kioo akivitazama, kisha akavifungua vyote akavifunga tena.

Ndipo mwezi ukajaa, na Mwamini akatoa shauri.

"Mama Thobi, na hivyo vidonge unavimeza tu hata mbalamwezi?"

"Nisivimeze?"

"Si umesema vinachosha ini? Mimi vyangu vya presha mbalamwezi navipumzisha. Sibebi beseni, sikimbizani na mvua, presha ya nini? Wavu ukikaa majini bila kuanikwa unaoza. Na ini lako je?"

Tusiwacheke. Lilikuwa shauri la watu wenye akili zao. Kila kitu walichokijua kilipumzishwa ili kidumu: wavu, mtumbwi, shamba, taa. Dawa ilikuwa ya mikono, mikono ilikuwa ya kazi, na kazi imelala. Leonia alivifunga vidonge vyake ndani ya kitambaa akaviweka juu ya kabati, na giza liliporudi akavishusha. Akafanya hivyo mbalamwezi ile, na iliyofuata, na iliyofuata, akijiona mtu makini anayejali ini lake. Hakumwambia daktari, kwa sababu daktari hakumuuliza. Na ni nani angemwendea daktari kumweleza kwamba mwezi hujaa?

Kliniki ilikuwa kila baada ya wiki nne, siku ya Jumatano. Sasa, mwezi wa mbinguni hauendi sawasawa na wiki nne za hospitali. Unachelewa kidogo, siku moja hivi na ushee. Mwanzoni kliniki ya Leonia iliangukia mwishoni mwa giza, akiwa ameshameza dawa wiki za kutosha. Daktari Catherine alimkuta vidole vimelainika, akafurahi, akamwambia aendelee hivyo hivyo. Naye akaendelea hivyo hivyo. Lakini kila safari siku ya kliniki ilirudi nyuma kidogo: katikati ya giza, kisha mwanzoni mwa giza, vidonge ndiyo kwanza vimeshuka kabatini na mikono imevimba. Kufikia mwaka kuzunguka, kliniki ilikuwa inaangukia ndani ya mbalamwezi yenyewe. Daktari aliona mgonjwa aliyekuwa anapona akianza kuharibika mwezi hadi mwezi. Damu ilionyesha moto umepanda. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na jirani yake, vilianza kulala upande kama majani ya mgomba yaliyopigwa na upepo.

Daktari aliongeza dozi. Haikusaidia. Akasema huenda dawa hii imeshindwa na mwili wa Leonia, na kwamba kuna sindano nyingine zenye nguvu zaidi, lakini zinahitaji mabingwa wa Dar es Salaam na kuwa karibu nao.

Thobias alikuwa Dar es Salaam tayari. Alikuwa fundi wa majokofu huko Mbagala, ana mke na watoto wawili, ana simu isiyotulia. Aliposikia neno Dar es Salaam hakutaka kusikia jingine.

"Mama, basi imetosha. Ziwa limekushinda. Unahamia kwangu, utakaa, utapumzika, wajukuu watakuletea maji."

Leonia alimpenda mwanawe kuliko pumzi yake, na maneno yale yalimtia hofu kuliko vidole. Alishakwenda Mbagala mara moja. Aliketi kwenye kochi. Watu walimzuia kuosha vyombo, walimzuia kufagia, walimwashia televisheni. Siku ya tatu alianza kuchambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa. Kukaa bila kazi kwenye nyumba ya mtu, hata kama mtu huyo umemzaa, kwake kulikuwa namna ya kuzikwa taratibu. Lakini mikono ilikuwa inamkimbia, alijua, na mwanika dagaa asiye na mikono ana hoja gani ya kubaki mwaloni? Akamwambia Thobias: "Tusubiri kliniki moja zaidi. Daktari akisema niende, nitakuja." Thobias akakubali, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufagia chumba cha mgeni.

Kliniki hiyo ilifika mwezi ukiwa mpana angani. Daktari Catherine aliivuta mikono ya Leonia mezani, akabonyeza kiungo kimoja kimoja. Leonia aliuma midomo. Daktari akatikisa kichwa, akachukua kalamu kuandika barua ya rufaa. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye huruma, na hakutaka kuandika katika ukimya, akatafuta la kusema.

"Mama, wiki ijayo naenda likizo nyumbani. Mama yangu ameniagiza dagaa wa Kigoma, wa kwako maana nimekusifu sana. Utaniletea ndoo moja?"

"Dagaa?" Leonia akacheka licha ya maumivu. "Mwanangu, dagaa watoke wapi? Hii si mbalamwezi?"

"Mbalamwezi na dagaa wapi na wapi?"

Leonia alimtazama mwanamke mzima, msomi, anayeuliza swali la mtoto mdogo, akaona amweleze kwa upole. Akamwambia habari ya taa na mwezi, na mitumbwi iliyolala mchangani. "Kila kitu kinapumzika, daktari. Nyavu zinapumzika, taa zinapumzika, sisi tunapumzika, na vidonge navyo vinapumzika."

Kalamu ilisimama.

"Vidonge gani, mama?"

"Hivi vyangu. Si ulisema ni vikali kwa ini? Nikishaona mwezi umekuwa mkubwa naviweka juu. Giza likiingia navishusha."

"Vya njano?"

"Vyote."

"Na vile vyeupe vya kila asubuhi? Unaviacha ghafla tu?"

"Vyote, mwanangu. Mbona unanitazama hivyo?"

Daktari Catherine aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo kidogo. Leonia alidhani analia, akaanza kuinuka ili ambembeleze. Daktari alikuwa anahesabu mbalamwezi zilizopita. Alipofunua uso alisema, si kwa Leonia bali kwa ukuta: "Sikumuuliza. Mwaka mzima, na sikumuuliza." Kisha akanyanyuka, akachungulia nje, akawaomba radhi waliokuwa kwenye foleni, akafunga mlango. Safari hii hakuwa na haraka.

"Mama, kanga zako nyeupe unazifua na nini zikiwa na doa?"

"Jiki."

"Unaloweka muda gani?"

"Kidogo tu. Ukisahau, kanga yenyewe inaoza. Niliwahi kupoteza doti nzima."

"Basi nisikilize. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe. Kazi yake ni kukulinda. Mdudu wa ugonjwa akiingia, zinamzunguka na kumwagia kitu kikali zinachokitengeneza zenyewe, ndugu kabisa wa hiyo jiki. Mdudu anakufa, kazi inakwisha, na mwili una vitu vyake vya kusuuza yale makali yaliyobaki. Ndivyo inavyotakiwa. Wewe chembe zako zimekosea. Zimeingia kwenye viungo ambavyo havina mdudu yeyote, na zinamwaga tu, usiku na mchana. Makali yanazidi kuliko mwili unavyoweza kuyasuuza. Kwa hiyo yanakula utando wa kiungo, yanakula gegedu, yanakula mfupa. Ule moto ninaousikia nikikugusa ndio huo."

Leonia alitazama mikono yake. "Na dawa?"

"Dawa inazituliza. Haizimalizi, maana bila hizo homa ndogo tu ingekuua. Ndiyo sababu nakupima damu kila safari: nione zimetulia lakini hazijapungua mno, na nione ini liko salama. Na ini lako, mama, liko salama. Lilikuwa salama siku zote. Hilo mimi ndiye ninayeliangalia. Wewe ulikuwa unalipumzisha ini, na chembe zilikuwa hazipumziki. Ukiweka vidonge kabatini, zinaanza upya. Hizo hazioni mwezi."

Nje mtoto alilia, akanyamazishwa. Leonia alinyoosha mkono wa kulia, akavigusa vile vidole viwili vilivyolala upande.

"Na hivi? Nikimeza bila kuacha, vitanyooka?"

Daktari alivishika vile viwili. "Hapana, mama. Hivyo mfupa umeshaliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Tunachoweza ni kuviokoa vinane vilivyobaki."

Leonia alilia. Hakulia kwa maumivu, kwa maana maumivu alishayazoea. Alilia kwa kuwa alijiona yeye mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akifunga kitambaa na kukiweka juu ya kabati kwa uangalifu, akijisifu moyoni. Daktari alimwacha alie. Kisha akaichana barua aliyoianza.

"Sikupeleki popote bado," alisema. "Kama dawa haijashindwa, siwezi kusema imeshindwa. Nakupa..." akasita, akainua vidole, akatabasamu kidogo, "nakupa giza mara mbili na mbalamwezi mara mbili. Umeze siku zote, giza na mbalamwezi. Ukipata homa, au koo likiuma, usikae nyumbani, uje siku hiyo hiyo. Tukiona moto umeshuka, utabaki kwenu. Usiposhuka, utakwenda kwa mwanao."

Leonia alitembea kurudi Katonga badala ya kupanda gari, na njia nzima alikuwa na hasira na Mwamini. Hasira ya kweli, ya kumkata mtu salamu. Alikuwa amepanga maneno. Alipofika alimkuta Mwamini ameketi mlangoni pa nyumba ya Leonia, amevua viatu, anajipepea kwa upande wa kanga, miguu imevimba na macho mekundu.

"Kichwa kinanigonga tangu asubuhi," Mwamini alisema. "Niwekee maji, shoga. Habari za hospitali?"

Maneno aliyoyapanga Leonia yakatawanyika. Alimtazama shoga yake vizuri, akaona kitu ambacho kila mbalamwezi alikuwa akikiona bila kukiona.

"Vidonge vyako viko wapi?"

"Vya presha? Vimepumzika. Si unajua."

"Twende tukavichukue."

"Mama Thobi, ni mbalamwezi..."

"Yewe, Mwamini, nyanyuka!" Kiha chake humtoka akipandisha hasira. "Moyo wako una macho ya kuuona mwezi? Nyanyuka nimekwambia."

Akamweleza yote njiani, jiki, kanga, kabati, na vidole viwili. Mwamini alisimama katikati ya njia.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuvunja vidole."

Leonia angeweza kusema hapana. Watu wengi wangesema hapana, kwa adabu. "Mdomo ulikuwa wako, mikono ilikuwa yangu," alisema. "Sasa ukinifia kwa presha nitamlaumu nani? Tembea."

Mwamini alinuna siku nzima na kukumbusha watu kuhusu pwani. Lakini kesho yake alfajiri alibisha hodi kwa Leonia akiwa na kikombe cha maji na vidonge vyake kiganjani, akasema, bila salamu: "Haya, tumeze." Na huo ukawa mtindo. Kila asubuhi walimeza pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake koo kama polisi. Jumapili Leonia alitoka misani akamkuta Mwamini amekwisha kumtolea vile vya njano kutoka kwenye kitambaa. Vidole vilikandwa mawese kama kawaida. Daktari alikuwa amesema mawese hayana ubaya, mwilini na kwenye chakula, ili mradi yasichukue nafasi ya dawa, na Mwamini alilichukua neno hilo kama cheti.

Giza la kwanza lilipita. Mbalamwezi ya kwanza ikaja, na Leonia akaisubiri kwa woga, akijiambia kesho nitaamka nimevimba. Hakuvimba. Aliamka na ukakamavu kidogo, uliokwisha kabla ya chai. Hakumwambia mtu. Furaha nyingine mtu huogopa kuitaja isije ikasikia ikakimbia. Giza la pili alibeba beseni nusu, kisha robo tatu.

Thobias hakungoja kuitwa. Mbalamwezi ya pili ilimkuta kwenye treni, na mfukoni alikuwa na tiketi mbili za kurudia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Mke wako hakupikii?"

"Nimekuja kukuchukua, mama."

Wakaenda kliniki pamoja. Daktari Catherine alibonyeza viungo, akauliza, akasoma majibu ya damu mara mbili. Moto ulikuwa umeshuka. Chembe nyeupe zilikuwa zimetulia na hazijapungua. Ini halina neno. "Mama yako anaweza kubaki," alimwambia Thobias. "Dawa inamtosha, akiimeza."

"Akiimeza," Thobias alirudia. "Ndiyo shida yenyewe, daktari. Nani atamwangalia?"

"Mwamini," alisema Leonia.

"Huyu huyu aliyekuambia uache?"

"Huyu huyu. Nani atachunga zaidi kuliko aliyewahi kuunguza?"

Thobias alitangulia njia nzima hadi Katonga. Pale mwaloni, mitumbwi ikiwa imelala na watoto wakiirukia, aliketi juu ya ukingo wa chanja na kuyatoa yaliyomkaa.

"Mama, mimi nashinda kwenye nyumba za watu nikitengeneza majokofu ya kuhifadhia samaki. Watu wananiuliza, mama yako yuko wapi? Nasema Kigoma, anaanika dagaa. Na vidole vimepinda. Naona aibu. Siyo ya dagaa. Ya kwamba nimekuacha."

Leonia aliketi karibu naye. Moyo ulimuuma, na alitaka kumwambia haya, nitakuja, kwa sababu mzazi husema haya. Lakini kusema haya bila kuuliza kulishamgharimu vidole viwili.

"Hujaniacha," alisema. "Ulikwenda kufanya kazi, na mimi nimebaki kufanya kazi. Kwako nitakuwa na kochi, mwanangu. Hapa nina sehemu yangu. Siku mikono ikikataa kabisa nitakupigia mimi mwenyewe, sitangoja uulize. Lakini haijakataa. Niache nibaki."

Thobias aligeukia ziwa. Ng'ambo, milima ya Kongo ilionekana na kupotea kwenye ukungu. Mwisho akatoa tiketi moja, akaitazama, akasema ataona kama stesheni watamrudishia pesa.

Siku ya safari Mwamini alimsindikiza Thobias kwa dagaa waliobaki kutoka giza lililopita na maneno mengi ya kumlinda asidhulumiwe njiani. Leonia alisema machache. Alikuwa amepata alichokitaka, na sasa kilikuwa kinamuuma: mtoto mmoja, naye anaondoka. Stesheni ilijaa watu na magunia. Honi ilipigwa. Thobias alikwea, akarudi mlangoni mwa behewa, akainama, akampa mama yake mkono kwa uangalifu mkubwa, amelegeza vidole, kama mtu anayepokea yai.

Leonia aliushika. Kwanza vidole vitatu vilivyo wima vikaufunika, kisha vile viwili vilivyolala vikafuata kwa namna yao. Akakaza. Akazidi kukaza, akimtazama mwanawe machoni.

"Mama," Thobias alisema, na uso ukamkunjamana, "mama, unaniumiza."

Leonia alicheka hadi machozi yakamtoka, na hakuuachia mkono ule mpaka behewa lilipoanza kutembea.